Kompyuta nyingi, intaneti moja: yanayoaminiwa na yalivyo

“Kompyuta zikiongezeka, dawa ni kifurushi kikubwa zaidi”

Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayowamalizia watu fedha bure. Intaneti hufika kwenye kompyuta yako kwa safari mbili: ya kwanza kutoka kwa mtoa huduma hadi kwenye ruta, yaani kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, ya pili kutoka kwenye ruta hadi ulipokaa. Kifurushi kinahusu safari ya kwanza tu. Kama kompyuta iliyo karibu na ruta inapata megabiti 100 kwa sekunde na ile ya chumba cha mwisho inapata 12, basi hata ukilipia 300, ile ya mwisho itabaki na 12 zake.

Kwa hiyo pima kwanza. Tenganisha vifaa vingine vyote, chomeka kompyuta moja kwenye ruta kwa kebo, upime kasi. Halafu chomoa kebo, nenda pale unapofanyia kazi kila siku, upime tena kwa Wi-Fi. Kipimo cha kwanza kikiwa kibovu, zungumza na mtoa huduma. Kikiwa kizuri na cha pili kikawa kibovu, tatizo liko ndani ya nyumba, na utalitatua mwenyewe.

Unapopima, usichanganye megabiti na megabaiti. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo laini ya megabiti 40 hupakua faili kwa megabaiti 5 kwa sekunde, tena hapo mambo yakienda vizuri kabisa. Hakuna aliyekuibia.

Kuna jambo lingine ambalo halitajwi inavyostahili: kasi ya kupandisha. Kompyuta moja ikianza kupeleka picha na video kwenye hifadhi ya mtandaoni, njia ya kwenda hujaa. Hata anayepakua huathirika, maana kompyuta yake lazima itume taarifa fupi za kuthibitisha kwamba data imepokewa, na taarifa hizo hukwama kwenye foleni. Nyumba nzima hulalamika kwamba intaneti imelala, kumbe ni kompyuta moja inayohifadhi nakala. Panga kazi hiyo ifanyike usiku, au iwekee kikomo cha kasi.

“Waya umepitwa na wakati”

Haujapitwa. Kwenye chaneli moja ya Wi-Fi vifaa hupokezana: kimoja kinaporusha data, vingine husubiri. Kifaa kilicho mbali, chenye mawimbi hafifu, hutumia muda mrefu zaidi kupeleka data ileile, na huwachelewesha hata walio karibu. Kompyuta yenye kebo haimo katika foleni hiyo. Mimi nikiulizwa nasema hivi: kisichohama mahali pake, yaani kompyuta ya mezani, printa, televisheni, kipewe waya, na Wi-Fi ibaki kwa simu na kompyuta mpakato.

Kebo ya daraja la Cat5e inatosha kabisa: hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Lakini kasi hiyo inahitaji nyaya zote 8 zilizo ndani yake. Mmoja ukikatika, au kichwa kikibanwa vibaya, mara nyingi muunganisho hushuka hadi megabiti 100 bila onyo lolote. Kompyuta moja ikikwama chini kidogo ya 100 wakati wenzake wanapita, badilisha kebo kabla ya kugusa kitu kingine.

“Swichi inagawa kasi mafungu sawa”

Swichi ni kisanduku cha kuunganishia kompyuta kadhaa kwa kebo. Ukiwa na ya matundu 8, kompyuta iliyozimwa haichukui chochote. Swichi hupeleka data kwenye tundu la mlengwa tu, na kompyuta mbili zinaweza kupeana mafaili kwa kasi kamili bila kuigusa intaneti. Kinachogawanwa ni ile kebo moja inayotoka kwenye swichi kwenda kwenye ruta, tena pale tu wengi wanapoitumia kwa wakati mmoja.

“Ongeza ruta ya pili, mawimbi yatafika kila chumba”

Yatafika, lakini angalia unavyoiunganisha. Ukichomeka kebo kwenye tundu la intaneti la ruta ya pili na kuiacha hivyo, umejenga mtandao ndani ya mtandao. Walio huku kwa kawaida hawaoni mafaili ya walio kule, na printa huonekana kwa baadhi tu. Ukichomeka kwenye matundu ya kawaida bila kuzima huduma ya kugawa anwani, yaani namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao, ruta mbili zitagawa anwani kwa wakati mmoja, na kompyuta zitapotea mtandaoni moja baada ya nyingine. Ruta nyingi zina mpangilio wa kuigeuza iwe kituo cha Wi-Fi tu, utumie huo.

Kama huwezi kupitisha waya na unatumia kirudisha mawimbi, kiweke katikati ya njia, pale mawimbi bado yana nguvu. Ndani ya chumba chenye tatizo hakitakuwa na kitu cha kurudisha. Na kikitumia redio moja kupokea na kurusha, kasi hupungua karibu nusu.

“Ukificha jina la mtandao, uko salama”

Vifaa vyako vyenyewe hulitaja jina hilo hewani kila vinapojiunga, na programu za bure hulinasa. Kinachokulinda ni usimbaji, yaani kugeuza data iwe fumbo kwa asiye na nenosiri. Chagua kwenye mipangilio ya ruta aina ya WPA3 iliyotangazwa mwaka 2018, au WPA2 kama una vifaa vya zamani, pamoja na nenosiri refu. WEP, usimbaji wa kizamani, ilivunjwa tangu mwaka 2001, usiitumie hata kwa siku moja.

Badilisha pia nenosiri la kuingilia mipangilio ya ruta, ambalo ni tofauti na lile la Wi-Fi. Ukilisahau, kitufe kidogo cha nyuma huirudisha ruta ilivyotoka kiwandani, na nenosiri la mwanzo hurudi nalo, kwa hiyo libadilishe tena kabla hujaziunganisha kompyuta nyingine.