Fangasi nao hupandana: maswali na majibu kuhusu feromoni, uzazi wa fangasi na afya yetu

Fangasi wana dume na jike?

Wengi hawana. Wana makundi ya kupandana, na seli ya kundi moja hutafuta mwenzi wa kundi jingine. Hamira ina makundi mawili, yanayoitwa a na alfa. Schizophyllum commune, fangasi anayeota kwenye magogo, ana makundi zaidi ya 20,000.

Wanatafutanaje, na hawaoni wala hawatembei?

Kwa kemikali zinazoitwa feromoni. Hamira ndiyo iliyochunguzwa kwa undani kuliko fangasi wengine wote, kwa hiyo tuanze nayo. Seli ya alfa hutoa kipande kidogo cha protini chenye amino asidi (vijenzi vya protini) 13. Seli ya a hutoa chake chenye amino asidi 12, kilichobandikwa mkia wa mafuta. Kila upande una kipokezi juu ya ngozi ya seli kinachonasa feromoni ya upande wa pili tu, kama kufuli na ufunguo wake.

Feromoni ikinaswa, kipokezi huamsha protini zilizo ndani, nazo hupokezana amri hadi kwenye kiini. Seli huacha kugawanyika, kisha huota ncha kuelekea upande ambako feromoni imekolea zaidi. Kuna jambo hapa ambalo mimi hunistaajabisha kila ninapolifikiria: seli ya a hutoa pia kimeng'enya cha kukatakata feromoni ya alfa iliyoizunguka. Bila hicho ingezingirwa na feromoni pande zote na isijue mwenzi yuko wapi. Mwishowe ncha mbili hukutana, kuta huyeyuka, viini huungana. Chakula kikija kupungua, seli hiyo mpya hugawa vinasaba vilivyochanganyika katika mbegu nne ngumu.

Hayo yananihusu nini mimi?

Kwanza, vipokezi hivyo vya hamira ni vya ukoo mmoja na vipokezi vya adrenalini mwilini mwako, ukoo unaolengwa na dawa nyingi tunazotumia. Mengi tunayoyajua kuhusu jinsi seli zinavyopokea ujumbe yalianzia kwenye hamira.

Pili, fangasi wanaopandana huchanganya vinasaba. Mmoja akiwa na usugu wa dawa na mwingine akiwa na uwezo mkubwa wa kustahimili joto la mwili, anaweza kuzaliwa mwenye vyote viwili.

Je, fangasi ukeni au mdomoni wanatokana na kupandana huku?

Hapana. Candida albicans, anayesababisha sehemu kubwa ya maradhi hayo, huongezeka kwa kuchipua, seli moja ikitoa nyingine inayofanana nayo. Mara nyingi anaishi mwilini kimya kimya, kisha anazidi mno baada ya mtu kutumia antibiotiki, wakati wa ujauzito, kisukari kisipodhibitiwa au kinga ikishuka. Ugonjwa huu hauhesabiwi miongoni mwa magonjwa ya zinaa, na ni vibaya kumshuku mwenzi kwa sababu yake.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba Candida hapandani kabisa, hadi mwaka 2000 watafiti nchini Marekani walipoonyesha kuwa anaweza. Seli zake nyeupe za kawaida lazima kwanza zigeuke kuwa za aina nyingine, ndefu na zisizong'aa, ambazo hupandana kwa urahisi mara milioni hivi zaidi. Nazo seli hizo nyeupe za Candida zikisikia feromoni, hushikamana na kujenga utando mzito, na Candida aliye ndani ya utando ni mgumu kuuawa na dawa.

Kuna ugonjwa unaotokana moja kwa moja na mbegu za kupandana?

Mbegu za fangasi aitwaye Cryptococcus ni mfano unaotia wasiwasi. Ni ndogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu zikivutwa na pumzi, na kutoka hapo fangasi huyu anaweza kufika kwenye ubongo na kuleta homa ya uti wa mgongo. Wagonjwa wengi hubeba kundi la alfa pekee, na mwaka 2005 ilionyeshwa kuwa seli za alfa zinaweza kuzaana zenyewe bila kumsubiri mwenzi wa a. Mtu anayeishi na VVU akiumwa kichwa kwa siku nyingi, akiwa na homa, kutapika au kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Homa hii ya uti wa mgongo inatibika, lakini bila dawa inaua.

Aspergillus fumigatus, anayeshambulia mapafu ya wenye kinga dhaifu, alidhaniwa hana uzazi wa kijinsia hadi mwaka 2009. Ilibidi makundi mawili yawekwe pamoja gizani kwa miezi sita ndipo mbegu zikaonekana.

Inawezekana kuzuia uzazi huo kwa dawa?

Kwa Pneumocystis, anayeleta nimonia kwa watu wenye kinga dhaifu, kuna dalili nzuri. Dawa za kundi la ekinokandini huzuia ujenzi wa ukuta wa vifuko vinavyobeba mbegu zake. Katika majaribio ya wanyama jamii ya panya, waliotibiwa hawakuweza kuwaambukiza wenzao. Hata hivyo seli zisizo na ukuta huo zilibaki mapafuni, ndiyo maana tiba kuu ya nimonia hii bado ni kotrimoksazoli.