Kihisi Kilicholala Hakijaharibika

Wiki iliyopita mkulima wa nyanya kutoka Kiambu alifika ofisini kwetu hapa Nairobi akiwa ameshika kihisi cha unyevu, yaani kifaa kinachopima unyevu wa udongo na kutuma vipimo kwa mawimbi ya redio, udongo mwekundu ungali umeganda kwenye ncha zake, akalalamika kwamba kimekufa kwa sababu kilituma kipimo mara moja tu kila dakika 15. Kilikuwa kimelala, jinsi tulivyokipangia.

Lalamiko hilo nimelisikia mara nyingi mno. Wateja huamini kwamba kihisi bora ni kile kinachotuma kila sekunde, na kwamba redio iliyo ndani yake hula betri inapotuma tu. Ukweli ni kwamba chipu ya redio iitwayo CC2420, iliyotumika katika vihisi vingi vya miaka ya 2000, hutumia umeme wa takriban miliampea 17.4 inapotuma kwa nguvu zake zote na 18.8 inaposikiliza, yaani kukaa macho kungojea ujumbe ni ghali kuliko kuutuma. Betri za miliampea-saa 2,500 zikiachiwa redio isiyolala huisha kwa siku tano na ushei. Redio hiyo hiyo ikiamka kwa asilimia 1 tu ya muda, betri zaweza kupita mwaka. Ndiyo maana vihisi hulala na kuamka kwa saa zilizolinganishwa, ili viwe macho kwa wakati mmoja. Isitoshe, udongo haukauki kwa sekunde, na anayedai kipimo cha kila sekunde ajiandae kupanda ngazi kivungulioni kila Jumatatu kubadilisha betri.

Wengine hudhani kila kihisi kinahitaji laini yake ya simu. La hasha: vihisi hupokezana ujumbe hadi kituo kimoja chenye intaneti. Katika hifadhi ya Sweetwaters, Laikipia, mwaka 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton cha Marekani waliwavisha pundamilia kola zilizobadilishana data wanyama walipokaribiana, bila mtandao wowote wa simu.

Wapo pia wanaohofia kwamba vihisi vidogo kama vumbi vitafichwa ukutani kuwapeleleza. Chipu hupungua ukubwa kweli, lakini betri na antena hazipungui kwa kasi hiyo.

Na umbali wa kufika mawimbi ulioandikwa kwenye boksi la kihisi ni wa uwanja mtupu, kwani majani yenye maji hufyonza mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4 ambayo vihisi vingi hutumia. Inueni antena juu ya mimea, tafadhali. Mkulima wetu alikuwa ameifunga ya kwake kwenye shina la mnyanya, chini kabisa ya majani.