"Mashine Imepima LDL": Tunayoyasikia Dirishani Kila Siku

"Mashine ndiyo iliyopima LDL yangu, sasa imeshukaje ghafla?" Jibu letu la maabara ni lilelile kila mara: LDL (ile iitwayo kolesteroli mbaya) iliyo kwenye karatasi yako, mara nyingi, haijapimwa na mashine yoyote. Imepigiwa hesabu.

Tunachopima ni kolesteroli yote, HDL (iitwayo kolesteroli nzuri) na trigliseridi (mafuta mengine ya kwenye damu). Kinachofuata ni fomula ya Friedewald ya mwaka 1972: chukua kolesteroli yote, toa HDL, kisha toa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2 (kwa 5, kama majibu ni ya mg/dL). Tuseme kolesteroli ni 5.4 mmol/L, HDL 1.2, trigliseridi 1.1. LDL inatoka 3.7. Sasa mbili za kwanza ziache zilivyo, pandisha trigliseridi hadi 4.0: LDL inaporomoka hadi 2.4, na mwenye karatasi anashangilia! Fomula inachukulia kwamba VLDL (chembe zinazobeba trigliseridi nyingi) ya kila mtu ina uwiano uleule wa trigliseridi na kolesteroli. Trigliseridi zikipanda uwiano huo haushiki tena, tunatoa kingi kuliko kilichopo. Zikizidi 4.5 hatuandiki LDL kabisa, na si uzembe. Tyubu ikitoka kwenye sentrifuji (mashine ya kuizungusha damu) na seramu, yaani majimaji ya damu, ni nyeupe, imeziba mwanga, najua mapema kwamba hapa hakuna hesabu. Fomula ya Martin/Hopkins ya 2013 na ya Sampson ya 2020 zimepunguza kosa hilo, ila nazo ni hesabu vilevile.

Ushauri wangu, ambao wenzangu wamechoka kuusikia: shika kalamu, toa HDL kwenye kolesteroli yote. Kolesteroli hiyo isiyo ya HDL haiguswi na trigliseridi. Katika mifano yetu miwili ni 4.2 kote kote.

"Basi nipimieni LDL ya moja kwa moja." Kipimo kipo, lakini vitendanishi (kemikali za kupimia) vya watengenezaji mbalimbali hutofautiana zaidi kwenye damu yenye trigliseridi nyingi, yaani palepale ulipoikimbia fomula. Njia rejea, ambayo nyingine hulinganishwa nayo, huanza na sentrifuji ya kasi kubwa mno, inayotenga VLDL kwenye densiti ya 1.006 g/mL kwa saa nyingi. Hiyo si kazi ya kila siku.

"LDL ni idadi ya chembe." Hapana, ni kolesteroli iliyobebwa na chembe hizo. Ukitaka idadi, omba apoB, protini iliyo kwenye chembe hizo: kila chembe ya LDL, VLDL au Lp(a) (chembe inayofanana na LDL) ina molekuli moja tu ya protini hiyo. NMR (kipimo kinachotumia sumaku) nayo hukadiria idadi, ila apoB hupimwa kwa kingamwili kwenye mashine za kawaida za kemia.

"Nimekunywa chai, nirudi kesho?" Kaa tukutoe damu. Wataalamu wa Ulaya walishakubali tangu 2016 kwamba kwa wengi kufunga si lazima. Trigliseridi zikizidi 5 mmol/L ndipo tunafikiria kurudia ukiwa umefunga.

Na Lp(a) ya mg/dL usiizidishe kwa namba yoyote upate nmol/L. Ukubwa wa chembe zake hutofautiana kati ya mtu na mtu, kwa hiyo hakuna namba moja inayotufaa sote.