"Lakini kazini hakosi": William Holden na chupa yake

Wageni wanaolala Mount Kenya Safari Club, Nanyuki, husimuliwa kwamba mmoja wa waanzilishi wake, mwaka 1959, alikuwa nyota wa Hollywood, William Holden. Alivyokufa husimuliwa kwa nadra. Mimi ni mshauri nasaha wa waraibu wa pombe, na kisa chake nakirudia mara nyingi, maana karibu kila familia huja na utetezi uleule: "Lakini kazini hakosi."

Holden naye hakukosa. Mwaka 1939, kijana wa miaka 21, alipewa nafasi kubwa katika filamu ya Golden Boy, na studio ikataka kumtoa. Nyota mwenzake Barbara Stanwyck ndiye aliyemkingia kifua. Woga wa kamera ukamganda, na pombe ikawa dawa yake. Zikafuata Sunset Boulevard, Oscar ya mwigizaji bora kwa Stalag 17, na The Bridge on the River Kwai. Nani angethubutu kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba anaumwa?

Ubongo wa mnywaji wa miaka mingi hujirekebisha ufanye kazi pombe ikiwemo, hata glasi inayomwangusha mwenzake, kwake ikawa ya kuzimua tu. Mitaani wanamsifu kwamba ana kichwa kigumu. Mimi nikisikia sifa hiyo huanza kuandika. Hata kichwa kigumu hakimsaidii mtu kwenye usukani: mwaka 1966, huko Italia, Holden aliendesha amelewa, akagonga gari jingine, dereva wa gari hilo akafa. Mahakama ikampa kifungo cha miezi minane, lakini cha nje. Akarudi kuigiza.

Alijaribu kuacha, akarudia. Novemba 1981, akiwa peke yake nyumbani kwake Santa Monica, amelewa, alijikwaa kwenye zulia akapasuka paji la uso kwenye meza ya kando ya kitanda. Palikutwa tishu za kujifutia zenye damu. Simu ilikuwa karibu, hakumpigia mtu; akavuja damu hadi akafa. Mwili ulipatikana siku kadhaa baadaye. Alikuwa na miaka 63.

Familia nyingi huogopa ini, na ini kweli huharibika. Ila pombe pia huchelewesha damu kuganda, tena humwondolea mtu hofu, jeraha la hatari akaliona mkwaruzo. Ndiyo maana kabla sijauliza ni chupa ngapi, nauliza: akinywa, anakuwa na nani? Wengi hunijibu kwamba hujifungia chumbani.