Begi la mgongoni litaingia ndani ya ndege? Lijaze kwanza, ndipo ulipime

Nashona na kukarabati mabegi hapa Kariakoo, na swali ninaloulizwa sana na wanaojiandaa kusafiri ni moja: "Fundi, hili litakubalika ndani ya ndege?" Mtu ananyoosha lebo yenye maandishi ya lita 40, au anasema muuzaji kamhakikishia kwamba ni begi la kabini. Begi lenyewe liko tupu, limelala bapa mezani kama shati lililopigwa pasi. Kwa hali hiyo siwezi kumjibu. Namwomba arudi nalo likiwa na vitu vyote atakavyosafiri navyo.

Kila shirika lina vipimo vyake. Kwa daraja la kawaida, Emirates wanataka sentimita 55 kwa 38 kwa 22. Qatar Airways ni 50 kwa 37 kwa 25. Ethiopian na Turkish ni 55 kwa 40 kwa 23, na KLM ni 55 kwa 35 kwa 25. Ni urefu, upana na unene, na ndani yake huhesabiwa pia mishikio, magurudumu na mifuko ya pembeni. Mashirika hubadilisha namba hizi, kwa hiyo fungua ukurasa wa mizigo wa shirika lako siku unayokata tiketi. Ukitaka begi moja la kupita kote huko, chukua namba ndogo katika kila upande: 50 kwa 35 kwa 22. Ukizidisha unapata kama lita 38 na nusu. Ndiyo maana begi la lita 40 liko mpakani, wala si salama kama watu wanavyodhani.

Lakini lita zisikutie moyo wala zisikutishe. Lita husema begi linameza kiasi gani, hazisemi lina umbo gani. Begi la lita 35 lililoshonwa refu na jembamba, kama yale ya kupandia mlima, linaweza kufika sentimita 60 kwenda juu, na fremu ya chuma ya kupimia mabegi pale uwanja wa ndege haitalikubali hata kama upana wake ni mdogo. Wengine hujumlisha pande tatu wakaona jumla iko sawa. Kwenye fremu kila upande unajitegemea. Ulichookoa kwenye upana hakikusaidii kwenye urefu.

Upande unaowaangusha wengi ni unene. Tuchukue begi lenye upana wa sentimita 32 na unene wa 20, vipimo vya kawaida kabisa madukani. Ukilizungusha tepu kiunoni unapata sentimita 104. Kitambaa hakivutiki kiasi cha maana, kwa hiyo hiyo 104 haibadiliki. Kinachobadilika ni umbo. Ukishindilia nguo, pembe nne zinaanza kupotea na begi linaelekea kuwa duara, kwa sababu duara ndilo linalobeba vingi kwa mzunguko uleule. Gawa 104 kwa 3.14, unapata duara lenye kipenyo cha sentimita 33. Begi halifiki huko, mgongo wenye sponji ngumu unalizuia, lakini kutoka 20 kwenda 27 au 28 ni jambo ninaloliona kila mara. Upana nao unapungua, mwenye begi anafurahi kwamba limekuwa jembamba, kumbe tumbo limetoka mbele.

Juu ya tumbo hilo kuna mfuko wa mbele. Ukiweka chaja na pawabenki humo, umeongeza sentimita nne hivi pale pale begi lilipo nene zaidi. Chupa ya maji kwenye mfuko wa pembeni inaongeza sentimita saba kwenye upana.

Kupima ni hivi. Lijaze, funga zipu zote, lisimamishe sakafuni likiegemea ukuta. Weka ubao au kitabu chenye jalada gumu juu yake, kikae sambamba na sakafu, kisha pima kutoka sakafuni hadi chini ya ubao. Huo ndio urefu. Kwa unene, lilaze chali, weka ubao uleule juu ya tumbo bila kukandamiza, pima tena. Usipitishe tepu juu ya mbinuko wa kitambaa, itakupa namba ya uongo. Mikanda ya mabegani ibane, ya kiunoni ifungie kwa nyuma.

Likizidi sentimita mbili au tatu, mara nyingi halihitaji kubadilishwa. Ninaongeza mikanda miwili ya kubana kila ubavu, yenye vifungo vya plastiki, na unene unashuka unapoivuta. Nguo zikunjwe bapa badala ya kuviringishwa, kompyuta ikae mgongoni, viatu viwe chini kabisa, vimelala. Likizidi urefu, hapo ni kazi nyingine. Kwenye mabegi mengi ya mtumba ya milimani, mgongoni mna vipande vya alumini vinavyofuata urefu wote. Kupunguza begi bila kugusa vyuma hivyo haiwezekani, na ukivikata begi halikai tena vizuri mabegani. Huwa nashauri mtu aliache liende na mizigo ya chini.

Uzito usisahauliwe. Emirates, Qatar na Ethiopian ni kilo 7 kwa daraja la kawaida, Turkish ni 8. Begi la mlimani likiwa tupu linaweza kula kilo mbili, kompyuta na chaja yake nyingine mbili, ukabaki na tatu za nguo. Kwa safari hizo ninapendelea begi jepesi lisilo na vyuma, hata kama halipendezi sana.

Kwa safari za ndani, ndege za panga boi, hizo tunazoziita Bombadia, zina makabati madogo juu ya siti. Begi lililotulia vizuri kwenye ndege kubwa linaweza kuchukuliwa pale chini ya ngazi likawekwa kwenye mizigo. Vile vidogo zaidi vya kwenda Mafia au mbugani mara nyingi huruhusu kilo 15 kwa mizigo yako yote, la mkononi likiwemo, na hutaka mabegi laini. Huko sanduku gumu linakusumbua zaidi kuliko begi la mgongoni.

Kwa hiyo mteja akinitaka nimshonee mfuko wa ziada, namshonea mmoja wa ndani, juu kabisa, karibu na zipu, kwa ajili ya pawabenki. Betri hizo haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini. Lazima zikae na abiria, na kwa kawaida mwisho ni wati-saa 100, yaani kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi. Pawabenki iliyoandikwa mAh 20,000 ni kama wati-saa 74, inapita. Mhudumu akisema begi lako linakwenda chini, unafungua zipu moja, unatoa pawabenki, paspoti na dawa zako, unamkabidhi begi na foleni inaendelea.