“Mfundishe Mwenzangu”: Dhana Potofu Kuhusu Mafunzo ya Ndoa

Karibu kila kikao cha mafunzo ya ndoa kinapomalizika, kuna mtu anayesubiri wenzake watoke, kisha hunisogelea na kuniambia kwa sauti ya chini, “Mada ya leo ilikuwa ya mume wangu kabisa, laiti angekuwapo.” Juma linalofuata huja mume wa mtu mwingine na kusema yaleyale juu ya mkewe. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi kiasi kwamba uvumilivu wangu umepungua, na ndiyo sababu dhana ya kwanza hapa chini imepewa nafasi kubwa kuliko nyingine zote.

Dhana: Anayehitaji mafunzo ni mwenzangu.

Mwenye dhana hii huhudhuria kama shahidi wa upande wa mashtaka, akiandika kwa bidii si ili ayatumie anayoyasikia, bali apate hoja za kupeleka nyumbani. Nimewahi kuonyeshwa daftari la makosa ya mwenzi lililopangwa kwa tarehe, na mwenye daftari alitarajia nimpongeze.

Ukweli ni kwamba tunachofundisha ni yale yanayopita kati ya watu wawili, na hapo hakuna mtazamaji. Andrew Christensen, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, amechunguza kwa miaka mingi mtindo ambao mmoja hudai na kusukuma huku mwingine akijitenga na kunyamaza. Anayesukuma husema anasukuma kwa sababu hajibiwi. Anayenyamaza husema ananyamaza kwa sababu anaandamwa. Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja huanza kusimulia kisa pale alipojibu, si pale alipochokoza. Kwa hiyo kuuliza nani alianza ni kupoteza jioni nzima, kwani mzunguko kama huo unaweza kukatwa na yeyote kati yao.

Anayesukuma anaweza kuanza kwa kubadili namna anavyofungua mazungumzo. “Kila siku wewe ni simu tu, hutujali” ni shutuma juu ya tabia ya mtu, na anayeshutumiwa hujitetea au hujifungia kimya. “Jana nilikosa usingizi kwa ajili ya lile deni, naomba tulizungumze leo baada ya kula” ni lalamiko juu ya jambo moja, nalo lina mahali pa kujibiwa. Anayenyamaza naye ana kazi yake: akihisi moyo unamwenda mbio, aombe mapumziko ya dakika 20 au zaidi na ataje saa atakayorudi. Nasisitiza saa hiyo hadi washiriki wangu wanachoka kunisikia, kwa sababu anayeondoka bila kuitaja humfanya mwenzake aamini kwamba ametelekezwa. Sidai kwamba juhudi ya mmoja hutosha sikuzote, na ni afadhali waje wote wawili. Ninachokataa ni mtu kuketi miezi miwili darasani akisubiri mwenzake abadilike kwanza.

Dhana: Mafunzo ni ya ndoa zinazozama.

Yanayowahusu walio katika hatari ya kutengana ni hasa ushauri nasaha wa wanandoa, ambao ni huduma tofauti. David na Vera Mace walipoanzisha nchini Marekani, mwaka 1973, chama cha wanandoa wanaotaka kuimarisha ndoa zao, wao wenyewe walikuwa wametimiza miaka 40 ya ndoa.

Dhana: Wanaopendana hawagombani.

John Gottman, aliyechunguza mazungumzo ya wanandoa katika maabara yake, alikadiria kwamba asilimia 69 ya migogoro yao haimaliziki, kwa kuwa hutokana na tofauti za kudumu za hulka na mahitaji. Swali la maana ni kama wanaizungumza bila dharau.

Dhana: Aliyehudhuria hataachika.

Hii hupenda kuenezwa na wawezeshaji wenzangu, jambo linaloniudhi zaidi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha wanandoa wenye kipato cha chini katika maeneo 8 ulikuta, baada ya miezi 30, kwamba waliopata mafunzo walikuwa na uhusiano bora kwa kiasi kidogo, lakini hawakuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubaki katika ndoa kuliko wasioyapata. Faida ipo, ila si ile inayotangazwa.

Dhana: Kila ndoa inaweza kuletwa darasani.

Hapa niliyoyasema kuhusu kila mmoja kubadili sehemu yake yana mpaka. Anayepigwa au kutishwa nyumbani hapaswi kupewa mazoezi ya kusikilizana na anayemtisha, kwa maana ukweli atakaousema mbele yetu unaweza kumgharimu wakirudi nyumbani. Ndiyo maana kabla ya kuwaandikisha wanandoa ni lazima kuzungumza na kila mmoja faragha. Kwa mtu wa namna hiyo siulizi sehemu yake katika ugomvi ni ipi. Nauliza usiku huu atalala wapi.