Kura ya turufu sio ya Marekani peke yake

Kuna ile meseji inazunguka kwenye magrupu miaka na miaka, kila vita ikianza mahali inarudi, eti Marekani ndo nchi pekee yenye kura ya turufu kwenye Umoja wa Mataifa, ikisema hapana dunia nzima imefungwa mdomo.

Jamani sio kweli. Tafuta mkataba wa Umoja wa Mataifa uliosainiwa San Francisco mwaka 1945, upo bure mtandaoni, soma kifungu cha 23 na cha 27. Baraza la Usalama, lile linaloshughulikia amani, lina nchi 15, azimio zito linataka kura 9 na asiwepo wa kulikataa kati ya wale watano wa kudumu, yaani Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa. Na ukihesabu tangu mwanzo Moscow ndo imeitumia zaidi, Marekani ya kwanza ilipiga 1970.

Halafu kwenye Baraza Kuu, yaani mkutano mkuu wa nchi zote, turufu haipo kabisa. 1971 Marekani ilipambana kweli serikali ya Beijing isipewe kiti cha China kilichokuwa kinakaliwa na serikali ya Taiwan, ikabwagwa 76 kwa 35, na Tanzania ilikuwa upande wa Beijing. Ila tuseme ukweli, maazimio mengi ya huko hayamlazimishi mtu, hapo ndo wakubwa wanapopumulia.

Kuchanganya naelewa, makao makuu ya Umoja wa Mataifa yapo New York, Marekani ndo inachangia bajeti kubwa, na turufu zake kuhusu Israel tunazisikia kila mara redioni. Nguvu inayo, tena nyingi, ila sio hiyo ya kwenye meseji. Ikikufikia usiforwadi, mjibu tu aliyekutumia asome kifungu cha 27.